Shingo Kwanza: Kununua na Kutengeneza Besi ya Mtumba Migori na Homa Bay

Gitaa la besi lililotumika hununuliwa kwa shingo yake. Mwili ukipasuka huunganishwa kwa gundi, pikapu ikifa hubadilishwa, vitufe vya sauti vikikwaruza husafishwa. Shingo iliyojisokota kama ubao mbichi uliosahauliwa juani ni habari nyingine: matibabu yake, yakipatikana, hugharimu zaidi ya gitaa lenyewe. Mnunuzi wa Rongo, Awendo, Oyugis au Mbita anayeshika kanuni hiyo anaweza kuondoka na chombo cha kazi kwa pesa kidogo. Anayevutiwa na rangi inayong'aa kabla ya kutazama shingo huishia na pambo la ukutani.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay besi si chombo cha kujazia nafasi. Benga, iliyokomaa katika nchi ya Waluo kuanzia miaka ya 1960, imechota sana kutoka kwa nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukidonoa kwa vidole huku akikigonga kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Wapiga magitaa walihamishia udonoaji huo kwenye gitaa la umeme, na besi ikapewa sehemu ya kusema, si ya kuitikia tu. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na akaongoza Shirati Jazz hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, aliacha rekodi nyingi ambamo besi inakimbizana na gitaa la solo badala ya kukaa chini yake. Waimbaji wanaponyamaza na magitaa kushika usukani, besi ndiyo inayowainua watu vitini.

Jambo hilo lina maana ya moja kwa moja kwa mnunuzi. Anayepiga nyimbo za kusifu kanisani anaweza kumaliza ibada nzima katika freti tano za kwanza. Mpigaji wa benga hupanda hadi freti ya 12 na kuipita, kwa kasi, na kila noti lazima itoke safi. Besi inayosikika vizuri chini na kunguruma juu haimfai hata kwa bei ya kutupa.

Besi za mtumba za eneo hili hutoka sehemu chache zinazojulikana. Kuna makanisa yaliyonunua vyombo vipya na kutaka kuondoa vya zamani, bendi zilizovunjika na kugawana mali, vijana waliohamia mjini, na wachuuzi wanaoleta vyombo kutoka Kisumu au maduka ya Nairobi. Nyingi ni nakala za maumbo mawili ya kampuni ya Fender: Precision ya mwaka 1951, ambayo tangu 1957 ina pikapu moja iliyogawanywa vipande viwili, na Jazz ya mwaka 1960, yenye pikapu mbili nyembamba. Jina lililo kwenye kichwa cha gitaa si ushahidi wa kitu, kwa kuwa ni karatasi inayobandikwa na yeyote mwenye mkono mtulivu. Squier ni chapa halali ya bei nafuu ya Fender yenyewe, na Ibanez za bei ya chini hupatikana pia. Lakini kwa mnunuzi anayetaka kulala usingizi, Yamaha ya kawaida isiyo na mapambo ndiyo chaguo la kwanza: shingo zake hutengenezwa kwa uangalifu hata katika matoleo ya chini, na hughushiwa kwa nadra kuliko Fender.

Nyuzi nne zinatosha. Besi ya nyuzi tano huvutia wanakwaya, lakini uzi wake wa tano hutoa sauti ya takriban hezi 31, ambayo spika nyingi za makanisani na za matangani haziwezi kuitoa, na katika magitaa ya bei nafuu uzi huo hulegea na kupiga mluzi wa bati. Urefu wa kawaida kutoka kizingiti, yaani kile kipande chenye mikato minne mwanzoni mwa shingo, hadi darajani, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, ni inchi 34, karibu sentimita 86. Kuna besi fupi za inchi 30 zinazowafaa watoto na watu wa mikono mifupi, ila nyuzi zake ni za kutafutwa.

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Ukaguzi huanza gitaa likiwa limekazwa nyuzi zote kwa sauti zake za kawaida, Mi, La, Re na Sol kuanzia uzi mnene. Besi iliyolegezwa nyuzi haionyeshi ugonjwa wake, na muuzaji anayesema nyuzi zitakazwa nyumbani anaficha kitu au hajui anachouza. Programu ya simu ya kupimia sauti inatosha kwa kazi hii.

Shingo hutazamwa kwanza kwa jicho la seremala. Gitaa huinuliwa, kichwa kikaletwa karibu na jicho, na kingo mbili za ubao wa freti zikafuatwa hadi mwilini, jinsi fundi anavyotazama mbao kabla ya kuzinunua. Freti zote zinapaswa kulala sambamba kama mataruma ya reli. Ikiwa za mwanzo zinainama upande mmoja na za mwisho upande mwingine, shingo imejisokota. Hapo mazungumzo ya bei hukoma na mnunuzi huaga kwa heshima.

Kupinda mbele au nyuma ni jambo tofauti, na mara nyingi lina dawa. Uzi mnene hubanwa kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, na uzi wenyewe hugeuka kuwa rula. Kisha hutazamwa nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi ya kupitisha karatasi ngumu ya kadi ya mwaliko, karibu milimita 0.3 hadi 0.4, ni afya njema. Kadi ya benki, yenye unene wa milimita 0.76, ikipita pale bila kugusa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, na uzi umelalia freti zote, shingo imerudi nyuma.

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyowekwa kwa ajili ya kurekebisha hali hizo mbili. Mdomo wake huonekana kwenye kichwa cha gitaa, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki, au mwisho wa shingo palipo na mwili, na mara nyingi huingia spana ya aleni ya milimita 4 au 5. Mnunuzi mwerevu huenda na spana hizo mfukoni na kuomba ruhusa ya kujaribu. Huanza kwa kulegeza robo mzunguko, si kukaza, ili kujua kama fimbo iko hai. Ikigeuka kwa upinzani laini, ni salama. Ikigeuka bure bila kukamata chochote imekatika. Ikigoma kabisa, au mdomo wake umeliwa hadi ukawa duara, bei lazima ishuke sana au biashara iachwe.

Baada ya hapo hupigwa kila noti, polepole, uzi kwa uzi, freti kwa freti. Besi ya nyuzi nne na freti 20 ina noti 80 za kubanwa, kazi ya dakika tano. Mngurumo wa sehemu moja huashiria freti iliyoinuka au ya jirani iliyolika. Mngurumo wa shingo nzima huashiria shingo au urefu wa nyuzi. Kuna pia noti inayozimika haraka kuliko jirani zake, mara nyingi kwenye uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba. Hiyo ni tabia ya besi nyingi zenye shingo iliyofungwa kwa skrubu, hata za bei kubwa, na haifai kumkatisha mtu tamaa.

Sehemu nyingine hazihitaji muda mrefu: maungio ya shingo na mwili yasiwe na ufa wala mwanya wa kupitisha kucha, vigingi vya kukazia nyuzi vizunguke bila kuruka meno, skrubu za darajani zisiwe zimekuwa donge moja la kutu. Katika miji ya ufukweni kama Homa Bay, Mbita na Kendu Bay, unyevu wa ziwa huzila skrubu hizo haraka. Kutu ya juu juu si tatizo, ila kipande kisichosogea kabisa kitakuja kumsumbua fundi.

Umeme hujaribiwa kwa waya wa mnunuzi mwenyewe. Magonjwa mengi yanayosingiziwa gitaa hukaa kwenye waya. Stima ikiwa imepotea siku hiyo, multimita hufanya kazi: waya huchomekwa kwenye jeki, voliumu na toni hufunguliwa hadi mwisho, na ncha mbili za mita huguswa kwenye ncha na kwenye mwili wa plagi ya upande wa pili. Besi isiyo na betri yenye pikapu moja husoma kati ya omu 7,000 na 12,000 hivi. Ya umbo la Jazz, pikapu zote zikiwa wazi, husoma karibu omu 4,000. Mita isiyosoma chochote inaonyesha waya uliokatika au pikapu iliyokufa, na inayosoma sifuri inaonyesha nyaya zinazogusana. Besi yenye betri ya volti 9 haipimiki hivyo. Hiyo ingoje stima irudi.

Bei haina kipimo kimoja, bali ina hesabu. Gharama ya seti mpya ya nyuzi huondolewa kwanza, kwa sababu nyuzi za besi ni ghali, hazitengenezwi mtaani, na zile za gitaa la mtumba karibu kila mara zimechoka. Huondolewa pia kila kigingi kilichovunjika na kila pikapu isiyosema. Mikwaruzo ya rangi haipunguzi sauti, ila inampa mnunuzi la kusema.

Uhalali wa mali usipuuzwe. Vyombo vingi ni mali ya kanisa au ya kikundi, si ya kijana anayelala navyo. Inapotajwa kanisa, mzee wa kanisa au mchungaji aulizwe. Inapotajwa bendi, wenzake waulizwe. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshika anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Barua fupi iliyotiwa sahihi na muuzaji na mnunuzi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo, hulinda pande zote mbili.

Kurekebisha shingo na nyuzi

Mpangilio wa kazi una sababu yake: fimbo ya shingo, kisha urefu wa nyuzi, kisha usahihi wa sauti. Anayeanza na daraja huifanya kazi mara mbili.

Fimbo ikikazwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, shingo hurudi nyuma. Ikilegezwa, nyuzi huivuta mbele. Hugeuzwa robo mzunguko kwa wakati, nyuzi hukazwa upya, na gitaa huachwa hadi siku ya pili. Mbao husogea kwa mwendo wake. Fundi mwenye haraka aliyezungusha mzunguko mzima jioni hukuta asubuhi shingo imepita kiasi, au fimbo imekatika mikononi mwake, na hakuna fundi wa Migori wala wa Nairobi atakayeirudisha kwa bei inayolingana na besi ya mtumba. Robo, na subira ya usiku mmoja. Hakuna ushauri katika mwongozo huu wenye thamani kuliko huo.

Urefu wa nyuzi hupimwa juu ya freti ya 12. Milimita 2 kwa uzi mwembamba na 2.5 kwa uzi mnene hutosha mpigaji wa kawaida. Mpigaji wa benga anayedonoa kwa nguvu huhitaji kuongeza kidogo ili noti zisigonge. Vidaraja vidogo vilivyo chini ya kila uzi huinuliwa na kushushwa kwa spana ndogo ya aleni. Vikishafika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, skrubu za shingo hufunguliwa, na kipande chembamba kilichokatwa kutoka kadi ya zamani ya benki huwekwa ndani ya mfuko wa shingo, upande wa darajani. Shingo huinama nyuma kidogo na nyuzi hushuka.

Usahihi wa sauti huja mwisho. Uzi hupigwa wazi, kisha hubanwa kwenye freti ya 12, ambapo lazima utoe sauti ileile kwa kiwango cha juu. Sauti ya kubanwa ikizidi, kidaraja husogezwa nyuma, mbali na shingo. Ikipungua, husogezwa mbele. Nyuzi kuukuu hazikubali marekebisho haya, kwa hiyo hungoja nyuzi mpya.

Nyuzi zilizojaa jasho na vumbi, lakini hazijaliwa na kutu, zinaweza kuchemshwa katika maji safi kwa dakika kumi, zikapanguswa na kukaushwa juani mara moja. Mlio hurudi kwa wiki chache, na njia hiyo imeokoa matanga mengi. Zikifikia kiwango cha kuvimba pale zinapokutana na freti, hakuna chungu kitakachozifufua. Waya wa breki ya baiskeli, unaotumiwa na watoto kwenye magitaa ya madebe, hauna nafasi kwenye besi ya umeme. Haushiki sauti na unazila freti.

Kufunga uzi mnene kuna siri ndogo. Uzi hupimwa kupita kigingi chake kwa sentimita 10 hadi 12, ukakunjwa kwanza kwa pembe kali pale utakapokatwa, ndipo ukakatwa baada ya mkunjo. Ukikatwa kabla ya kukunjwa, waya wa nje hujifungua kutoka kwa ule wa ndani na uzi mpya hupoteza mlio wake siku hiyohiyo. Mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, ikishuka kwenda chini, inatosha.

Freti moja iliyoinuka hutafutwa kwa ukingo wa kadi ya benki, ukilazwa juu ya freti tatu kwa pamoja. Kadi ikiyumba kama meza ya miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi, freti ya katikati ndiyo yenye kosa. Hugongwa taratibu kwa kipande cha mbao, na ikikataa kukaa hupewa tone la gundi kali na kubanwa. Tupa na msasa huja baadaye, na baada ya shingo kunyooshwa tu. Fundi anayepiga tupa freti za shingo iliyopinda anazipa umbo la ugonjwa wake.

Kizingiti cha mfupa

Kizingiti cha plastiki cha besi rahisi hupasuka au mikato yake huliwa na nyuzi hadi uzi ulio wazi ukaanza kunguruma. Mikato iliyozama kidogo hujazwa unga wa mfupa uliochanganywa na gundi kali. Kilichopasuka hubadilishwa, na hapa mnunuzi wa kusini mwa Nyanza ana bahati, kwa sababu malighafi bora ya kutengenezea kizingiti inatupwa kila siku nyuma ya bucha. Watengenezaji wengi wa magitaa duniani hutumia mfupa wa ng'ombe, na fundi wa Migori anaupata bure.

Huchaguliwa mfupa wa muundi, sehemu ya katikati iliyo nene na nyeupe. Huchemshwa hadi mafuta na nyama vitoke, ukasuguliwa na kuachwa kivulini siku kadhaa hadi ukauke kabisa. Mfupa wenye mafuta hauzimi harufu wala haung'ai. Hukatwa kwa msumeno wa chuma kipande kinachozidi kidogo kile cha zamani. Kisha msasa hulazwa juu ya kioo au kigae, na kipande kikasuguliwa juu yake hadi kiingie kwenye nafasi yake kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kugongwa. Vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Mdomo na pua vifunikwe, na kazi ifanywe nje.

Mikato minne hufuatisha nafasi za kizingiti cha zamani. Hupasuliwa kwa tupa nyembamba, ikiinama kuelekea kichwa cha gitaa ili uzi ushike mwanzo kabisa wa shingo. Kina chake hupimwa hivi: uzi hubanwa kwenye freti ya tatu, na juu ya freti ya kwanza inabaki nafasi ya unene wa karatasi ya daftari. Fundi hukaribia kipimo hicho kwa kupiga tupa mara mbili, kuweka uzi, kutazama, na kupiga tena. Ni kazi ya saa mbili za subira, na mlio wa uzi wazi unaotoka juu ya mfupa ulio kavu humlipa.

Mbao

Matundu ya skrubu yaliyolegea, hasa ya ndoano za mkanda na ya vigingi, hujazwa vijiti vya mbao ngumu kama mvule vilivyopakwa gundi ya mbao, vikaachwa usiku kucha kisha vikatobolewa upya. Nta ya mshumaa kwenye skrubu huzuia mbao zisipasuke. Kichwa cha gitaa kilichovunjika kwa ufa mrefu wa mshazari huungwa vizuri: gundi huingizwa hadi ndani kabisa, na mpira wa ndani wa baiskeli ukazungushwa kwa kukazwa sana na kuachwa saa 24. Kilichokatika moja kwa moja kukata nyuzinyuzi za mbao hakishiki, hata kikibanwa na bamba la chuma.

Umeme

Ugonjwa wa kwanza wa besi ya mtumba ni jeki. Nati yake hulegea, jeki yote huzunguka kila plagi inapochomekwa, na nyaya mbili zilizo nyuma yake husokotwa siku baada ya siku hadi moja ikatike pale ilipolehemiwa. Sauti huanza kukatikakatika, mpigaji huhangaika na waya wake, kumbe kosa liko ndani kwa umbali wa upana wa kidole. Kifuniko hufunguliwa, waya hulehemiwa upya, ulimi wa jeki uliolegea husukumwa ndani kidogo ushike plagi, na nati hukazwa jeki ikiwa imeshikwa kwa nyuma.

Chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40 kinafaa. Chuma kikubwa cha mafundi wa mabati, kinachopashwa kwenye jiko la makaa, huunguza vitufe na kuyeyusha plastiki ya nyaya. Mgongo wa kitufe cha voliumu, ambapo nyaya za ethi hukutana, hukwaruzwa kwa msasa kabla ya kulehemu, la sivyo risasi hukaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba.

Vitufe vinavyokwaruza hupuliziwa dawa ya kusafishia viunganishi inayouzwa kwa mafundi wa redio, kisha huzungushwa mara ishirini kwenda na kurudi. Visipopona hubadilishwa, na hapa fundi wa redio, pamoja na ufundi wake wote, huhitaji kuelekezwa. Ndani ya redio na amplifaya hutumika vitufe vya kilo-omu 10 au 50, na ndivyo vinavyojaa kwenye makopo yake. Besi isiyo na betri hutaka kilo-omu 250, au 500. Kitufe cha 10 hutoshea, huzunguka na kuonekana kimepona, lakini humeza sauti: besi hutoka hafifu na nzito kama inayopigwa nyumba ya jirani. Mmiliki huamini pikapu zimekufa na kuanza kutafuta nyingine, ilhali kosa ni la kifaa kimoja kidogo. Kepasita ya toni kwa kawaida ni ya nanofaradi 47, na juu yake huandikwa 473.

Besi yenye betri ina jeki ya nyaya tatu ambayo pia ni swichi: plagi inapoingia, betri huanza kuliwa, hata mpigaji akiwa anakunywa chai. Jeki hiyo ikibadilishwa kwa ya nyaya mbili, betri ama haitawaka kabisa ama haitazima kamwe. Besi iliyonyamaza ghafla ibadilishwe betri kabla ya kufunguliwa skrubu yoyote.

Mngurumo wa stima hujieleza wenyewe ukisikilizwa. Ukipungua mkono unapogusa nyuzi, gitaa ni zima na linahitaji kukingwa tu: mashimo ya ndani hubandikwa karatasi ya shaba au ya alumini ya jikoni, na waya wa ethi hufungwa kwenye alumini kwa skrubu, kwa kuwa risasi haishiki alumini. Mngurumo usiojali nyuzi lakini unaopungua mkono unapogusa chuma cha plagi huonyesha kwamba waya unaotoka darajani umekatika. Ukizidi mkono unapogusa nyuzi, nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi.

Joto, safari na stima ya matangani

Nyumba ya mabati mchana wa Januari au Februari, au buti ya gari lililoegeshwa juani Isebania, huweza kulegeza gundi na kusogeza shingo iliyorekebishwa kwa juma zima. Besi hutundikwa kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, na nyuzi hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa. Kwenye bodaboda hubebwa mgongoni ndani ya mfuko wake, kichwa kikiwa juu. Ikifungwa kwa ubapa nyuma ya kiti, kichwa hugonga kila mlango na kila bodaboda nyingine.

Linalobaki ni la uhai. Nyuzi za besi zimeunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia darajani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini matangani, usiku, jenereta ikiwa upande mmoja na waya wa nyumba ukiwa upande mwingine, amplifaya mbovu iliyokatwa pini ya ethi huweza kuzifanya nyuzi hizo kubeba stima, na mpigaji anayeimba huikamilisha njia kwa midomo yake anapogusa maikrofoni. Kenya inatumia volti 240. Amplifaya ya besi na mitambo ya maikrofoni ichomekwe kwenye chanzo kimoja, kila plagi ikiwa na pini zake tatu. Kabla ya wimbo wa kwanza, multimita iwekwe kwenye volti za stima, ncha moja iguse uzi na nyingine iguse wavu wa maikrofoni. Ikisoma makumi ya volti, au mpigaji akihisi mtekenyo mdomoni, stima yote, ya jenereta na ya nyumba, izimwe kwanza, gitaa livuliwe, na ngoma ingoje hadi fundi wa stima apate kosa lilipo.